Mguu usiouma: namna ya kuutunza kila siku ukiwa na kisukari

Mzee aliingia chumba cha kufungia vidonda akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Hakuja kwa sababu ya maumivu. Binti ndiye aliyesikia harufu. Nilipomvua kiatu kikadondoka sakafuni kifuniko cha chupa ya soda, na kwenye wayo kikaacha alama yake, duara lenye menomeno, katikati nyama imeshakuwa nyeusi.

"Babu, hiki kiliingia lini?"

"Kipi, mwanangu?"

Hakuwa anafanya mzaha. Binti akapiga hesabu: viatu vile alivivaa Ijumaa kwenda msikitini, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Siku nne mtu anatembea juu ya bati. Mwenye mguu mzima asingefika nalo hata getini.

Kuna methali tunayoipenda kliniki: mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini nikiifikiria vizuri naona inamsema mtu aliyeuona mwiba akaupuuza. Mwenye ganzi hana hata nafasi ya kupuuza, kwa sababu hajui kama umo. Kwa hiyo kazi yote iliyomo humu chini ni moja tu: kuufanyia mguu kwa macho na mikono kile ambacho maumivu yalikuwa yanaufanyia bure.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, na huanza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidoleni. Ndiyo maana ganzi hupanda kutoka chini kwenda juu kama mtu anavaa soksi. Kwa wengine hutanguliwa na miguu kuwaka moto usiku, kuchomachoma kama pini, au kuhisi unakanyaga pamba. Kisha siku moja moto unazimika, na mgonjwa anashukuru Mungu kuwa amepona. Mara nyingi hajapona. Neva ndizo zimekufa. Neva hizohizo ndizo huamuru jasho na kuongoza misuli midogo ya mguu, kwa hiyo ngozi hukauka ikapasuka, vidole vikajikunja kama kucha za ndege, na uzito wa mwili ukaangukia sehemu chache zisizouzoea. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, hasa kwa anayevuta sigara. Kidonda kikitokea hapo hakisikiki na damu ya kukiponya haifiki vya kutosha. Katika kila miguu 100 inayokatwa kwa sababu ya kisukari, takriban 85 ilianza na kidonda cha kawaida. Kidonda hicho, mara nyingi sana, kingeweza kuzuiwa nyumbani.

Anza leo: jua kama una ganzi

Usisubiri tarehe ya kliniki. Kuna kipimo kisicho na kifaa, kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, ambacho mtu yeyote wa nyumbani anaweza kukufanyia kwa dakika mbili.

Vua viatu na soksi, lala au ukae ukiwa umenyoosha miguu, kisha ufumbe macho. Mwenzako akuguse kwanza mguu mmoja na kukwambia "huu ni wa kulia", halafu mwingine "huu ni wa kushoto", ili msije mkachanganyana. Sasa atakugusa ncha za vidole sita, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole chake cha shahada. Mguso uwe mwepesi kama unyoya, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, bila kugonga, bila kutekenya. Wewe kila ukihisi unasema "kulia" au "kushoto". Mpangilio ni huu: kidole gumba cha kulia, kidole cha mwisho cha kulia, kidole gumba cha kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto, kisha kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Asiporudishiwa jibu asirudie kugusa. Ahesabu kuwa hicho hukukihisi. (Hapa wajukuu huwa wanaiba, wanataka bibi afaulu. Waambie wasiibe.)

Ukikosa viwili au zaidi kati ya sita, chukulia kwamba una ganzi, na uende ukaangaliwe. Kliniki watatumia uzi maalumu unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, na watapapasa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Ukivipata vyote sita, vizuri, lakini rudia kipimo kila mwaka.

Majibu hayo ndiyo yanayoamua utaonekana mara ngapi. Asiye na ganzi na mwenye damu inayofika vizuri, mara moja kwa mwaka inatosha. Mwenye ganzi peke yake, kila miezi 6 hadi 12. Vivyo hivyo mwenye damu isiyofika vizuri peke yake. Mwenye ganzi pamoja na vidole vilivyojikunja au mzunguko mbovu wa damu, kila miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kidole, kila baada ya mwezi 1 hadi miezi 3. Kwenye kliniki yenye foleni ndefu miguu huwa inasahauliwa: sukari inapimwa, presha inapimwa, dawa zinaandikwa, mwingine! Dawa ya hilo ni kuvua viatu na soksi kabla hujaitwa ndani. Daktari akikuta miguu mitupu mbele yake hana namna, ataiangalia.

Jioni, kwenye mwanga

Chagua saa moja isiyobadilika. Mimi hupendekeza jioni baada ya kuoga, kwa sababu makosa ya mchana yote yameshajiandika kwenye ngozi. Kaa mahali penye taa ya kutosha. Angalia mgongo wa mguu, pembeni, kisigino, wayo, na kila nafasi katikati ya vidole, ukivitanua kimoja kimoja. Nafasi ya kidole cha nne na cha tano ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo fangasi wanayoipenda: utaona ngozi nyeupe, laini, inayobanduka kama karatasi iliyolowa.

Wasioweza kuinama waweke kioo sakafuni na kuushikilia mguu juu yake. Wenye simu ya kamera wana njia bora zaidi: piga picha nyayo zote mbili, kisha uikuze picha kwa vidole. Picha ya Jumatatu na ya Jumatatu iliyofuata ukiziweka pamoja zinasema mengi. Nina mama mmoja anayemtumia binti yake aliyeko Mwanza picha za nyayo zake kila jioni kwa WhatsApp, na binti hujibu kwa alama moja tu ya dole gumba. Siku asipojibu, mama anapiga simu. Kisukari hudhoofisha macho pia, kwa hiyo usione haya kutafuta jicho la mtu mwingine.

Unatafuta nini? Mkwaruzo, lengelenge, mpasuko, sehemu nyekundu, sehemu nyeusi, uvimbe, majimaji kwenye soksi, sugu mpya, ukucha uliobadilika rangi. Ukiona doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu, hiyo ni damu iliyovilia chini yake. Kidonda kimeshaanza na sugu imekifunika tu.

Baada ya macho, mikono. Pitisha mgongo wa kiganja kutoka kwenye goti kushuka mpaka vidoleni, mguu mmoja halafu mwingine, ukilinganisha. Sehemu yenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili inakuambia kuna kitu kinachofukuta ndani kabla ngozi haijapasuka. Ukiwa baridi kuliko mwenzake, au ukipata mkazo kwenye shavu la mguu kila ukitembea kidogo na mkazo ukaacha ukisimama, damu haifiki vizuri, mwambie daktari.

Kuna hali moja inayowadanganya hata wahudumu. Mguu unavimba wote, unakuwa mwekundu na wa moto, bila kidonda, na maumivu ni madogo au hakuna. Mgonjwa anaambiwa amejitegua au ana gauti, anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani kwa miguu. Kwa mwenye ganzi huo unaweza kuwa mguu ambao mifupa yake inavunjikavunjika ndani kwa ndani, na kila hatua anayopiga inausaga zaidi mpaka upinde wa wayo unabonyea na wayo unakuwa kama chini ya mtumbwi. Mguu wa namna hiyo usikanyagwe tena mpaka daktari auone, na auone siku hiyohiyo.

Kuosha, kukausha, kupaka

Osha kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuogea. Maji yasizidi nyuzi 37, yaani joto la mwili wako. Usipime kwa mguu, na usiamini vidole vya mkono kama navyo vimeanza kufa ganzi. Tumia kiwiko, au mwite mtu mwingine. Usiiloweke miguu kwenye beseni kwa muda mrefu. Najua inaburudisha, lakini ngozi iliyolowekwa hulainika, kisha ikikauka hupasuka.

Kausha kwa taulo laini au kipande cha khanga kuukuu, kwa kubonyezabonyeza bila kusugua, na umalizie katikati ya kila kidole. Anayeswali ana bahati yake: ananawa miguu mara 5 kwa siku, kwa hiyo ana nafasi 5 za kuiona. Shida ni kwamba hutoka bombani na kuvaa soksi na viatu vidole vikiwa bado vimelowa, na fangasi hawahitaji zaidi ya hapo. Beba kitambaa kidogo mfukoni. Mwenye kidonda kilichofungwa asikilowanishe; amuulize shekhe wake namna ya kupangusa juu ya bendeji, dini imeacha nafasi hiyo.

Kisha paka mafuta juu ya mguu, kwenye wayo na kisigino. Mafuta ya nazi yanafaa, mafuta ya mgando yanafaa, huhitaji ya bei. Katikati ya vidole usipake kitu.

Kucha, sugu na magaga

Kata kucha baada ya kuoga zikiwa laini, kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni. Ncha kali ziondoe kwa tupa. Usikate mpaka kwenye nyama. Kama huoni vizuri, mikono inatetemeka, au kucha zimekuwa nene na ngumu kama pembe, kazi hiyo mwachie mtu mwingine, na kama una ganzi ni bora awe muuguzi.

Vijana wanaopita mtaani na kikapu cha rangi za kucha na beseni la kuoshea miguu wanafanya kazi nzuri, na wengi ni wastaarabu. Lakini kifaa kinachotoka mguu wa jirani kinakuja kwako, na akianza kukwangua kisigino kwa wembe hutahisi amefika wapi. Ukitaka kupendeza, apake rangi tu, na hata rangi uitoe mara kwa mara ili uuone ukucha chini yake. Hina haina neno, mradi usipake juu ya ngozi iliyochubuka.

Sugu usiikate kwa wembe, usiitoboe, na zile dawa za kuyeyusha sugu zinazouzwa dukani usiziguse. Ni asidi, haitofautishi sugu na nyama. Sugu ni ujumbe kwamba kiatu kinabana au uzito umeangukia hapo, kwa hiyo tafuta sababu, na uende kliniki ikapunguzwe. Magaga ya kisigino sugua taratibu kwa jiwe la miguu baada ya kuoga, siku chache kwa wiki, kisha mafuta. Ufa uliokwisha kufika kwenye nyama nyekundu si gaga tena, hicho ni kidonda.

Kwenye sehemu zenye funza, funza asitolewe kwa pini ya nguo au mwiba wa mchongoma. Nenda zahanati.

Viatu

Hapa ndipo mguu wa kisukari unapoponea au kupotelea, na ndipo pesa inapouma. Wengi wetu tunanunua mitumba. Sina ugomvi na mitumba; kiatu cha mtumba chenye ngozi laini na soli nene ni bora mara kumi kuliko kipya cha plastiki kinachobana. Ila kuna namna ya kukinunua.

Simama kwenye boksi la karatasi ngumu ukiwa peku, umeegemea miguu yote miwili sawasawa, na mtu achore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima. Chora yote miwili, kwa sababu kwa watu wengi haifanani. Kata umbo hilo na uende nalo sokoni. Litumbukize ndani ya kiatu: likijikunja popote, rudisha kiatu, hata muuzaji akiapa kuwa "kitaachia tu". Kwa mwenye ganzi kinachoachia kwanza ni ngozi. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (na kwa wengine kirefu ni cha pili, si gumba) ibaki sentimita 1 hadi 2. Nenda sokoni alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kwa kazi za siku, maana kiatu kilichokutosha asubuhi kitakubana jioni. Usiulize mguu kama kinakutosha. Mguu wenye ganzi hupenda kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee unachokihisi. Nimeona watu waliozoea namba 42 wakidai 40 "ndiyo inanishika vizuri".

Ndani papapase pote. Mtumba umeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo toa soli ya ndani iliyobonyea na uweke mpya. Tafuta chenye mbele pana, kisigino kifupi, kamba au mkanda wa kunata unaoweza kulegezwa, na soli ambayo msumari hauipiti kirahisi. Kikiwa kipya kwako, siku ya kwanza kivae saa moja, vua, angalia. Wekundu ambao haujaondoka baada ya nusu saa unamaanisha kiatu hicho si chako. Kisipoacha alama ongeza saa kidogokidogo.

Kandambili zina matatizo mawili. Ile kamba ya katikati hukwaruza pale pasipoonekana, na mguu wenye ganzi haujui kuzishika: mtu anaendelea na safari, ndala imebaki nyuma. Hiyo nayo ni dalili, ikikutokea iripoti. Katambuga za tairi zinadumu, lakini misumari yake ikianza kuchomoza ndani hutajua mpaka damu ionekane. Makubadhi ya ngozi laini, yenye mkanda wa nyuma, ni afadhali. Wa shambani avae buti za mpira pamoja na soksi, na akifika nyumbani avivue haraka miguu ipate hewa.

Kila mara kabla ya kuvaa, na nasema kila mara hata kama umevivua dakika tano zilizopita, pindua kiatu, kigonge chini, kisha ingiza mkono wote mpaka mbele. Kokoto, shanga, msumari, kipande cha kuchezea cha mtoto, nge. Yule babu wa kifuniko cha soda, hili peke yake lingemtosha.

Soksi ziwe za pamba, safi kila siku, zisizo na viraka, zisizobana juu. Nyeupe au rangi nyepesi, ili damu na usaha vionekane. Mshono ukiwa mnene, zigeuze nje ndani.

Na peku? Hapana, hata ndani. Najua nyumba zetu viatu huachwa mlangoni, na kumwambia bibi avae viatu juu ya mkeka wake ni kumtukana. Mnunulie jozi nyingine ambayo haitoki nje kamwe. Hiyo ni ya ndani kama kanga ya kulalia. Msikitini ingia na soksi nene, na usikatize ua wa saruji saa saba mchana bila kitu mguuni. Mchanga wa pwani mchana ni vilevile. Anayekwenda hija azungumze na kliniki miezi kabla: kutembea ni kwingi, ardhi inaunguza, na ndani ya ihramu mwanamume havai soksi wala viatu vya kufunika vifundo, kwa hiyo ndala nzuri aizoee akiwa bado nyumbani.

Moto na panya

Mtu akisema miguu imekufa ganzi, ushauri wa kwanza anaopewa na majirani ni kukandwa kwa maji ya moto na chumvi. Ganzi ya kisukari haitoki kwa kukandwa, na maji yanayomuunguza mkandaji vidole ndiyo anayomwagiwa asiyehisi. Nimepokea miguu iliyobanduka ngozi kama viazi vilivyochemshwa, na aliyefanya hivyo ni mke anayempenda mumewe. Chupa ya maji ya moto kitandani, huko Lushoto na Makete kwenye baridi, iondoe kabla hujalala, vaa soksi. Mama anayekaa kitako jikoni aweke miguu mbali na jiko la mkaa. Kwenye bodaboda shuka upande usio na bomba la moshi.

Panya sisemi kwa utani. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika kwenye jarida la kitaalamu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliofika kliniki wakiwa wameng'atwa na panya usingizini. Panya huguguna, mwenye mguu hahisi, asubuhi anakuta damu kwenye shuka. Osha mikono na miguu baada ya chakula cha usiku isibaki harufu ya samaki, chomeka chandarua vizuri chini ya godoro, na vaa soksi safi.

Kidonda kikitokea

1. Acha kukanyaga. Kaa.
2. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kausha taratibu pembeni.
3. Funika kwa shashi safi na bendeji isiyobana. Plasta ya kunata usiibandike moja kwa moja kwenye ngozi kavu. Ikibanduliwa huondoka na ngozi. Lengelenge usilitoboe.
4. Pima sukari. Kidonda chenye vijidudu huipandisha. Dawa zako usiziache.
5. Nenda kituo cha afya ndani ya saa 24, hata kama hakiumi, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Usiweke dawa ya meno, majivu, kahawa, mafuta ya breki, spiriti, wala unga wa kapsuli. Huu wa mwisho nausema kwa uchungu. Watu hununua zile za rangi mbili, wanazifungua na kunyunyizia unga, kidonda kinakauka juu, kinapendeza. Kumbe ni kifuniko. Chini yake usaha unakosa pa kutokea, unatafuta njia ya kwenda juu kwa kufuata mishipa. Nikikibandua hicho kigaga, ninachokikuta chini yake sitakieleza hapa.

Usingoje hata saa 24 ukiona haya: usaha au harufu, wekundu unaosambaa, uvimbe unaopanda, kidole kilichokuwa cheusi au cha bluu, mguu wa baridi uliopauka, homa au kutetemeka, sukari iliyopanda ghafla bila sababu. Hapo ni hospitali, usiku au mchana.

Huko watafanya jambo linalowakimbiza wagonjwa wengi: kukata nyama iliyokufa. Wengine hunong'onezana nje kwamba "wameanza kumkatakata, mwisho wataukata wote". Ni kinyume chake. Nyama mfu ni chakula cha vijidudu, na nyama mpya haioti juu yake. Aliyekimbia kusafishwa akaenda kwa mganga wa kienyeji hurudi, ila anarudi akiwa amechelewa. Ukiwa na wasiwasi muulize daktari unakata nini, na kwa nini. Ni haki yako.

La pili watakalosisitiza ni kutokanyaga. Kidonda cha wayo hakiponi huku kinabebeshwa kilo 70 kila hatua. Utapewa magongo, kiatu maalumu, au plasta ngumu, lile hogo wanalofungwa waliovunjika. Watu huvumilia sindano na vidonge lakini hapa ndipo wanaposhindwa, kwa sababu hakiumi, na biashara haijifungui yenyewe. Familia inatakiwa ijipange: nani atachota maji, nani atakaa dukani, kwa wiki ngapi. Bila mpango huo dawa zote zinakwenda bure, na nimeona kidonda cha wiki sita kikigeuka cha mwaka kwa sababu ya safari za "dukani tu hapo".

Kikishapona

Ngozi iliyofunga si ngozi ileile ya mwanzo. Katika kila watu 100 waliopona kidonda cha mguu wa kisukari, takriban 40 hukipata tena ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi ni kwa sababu ile ile ya mwanzo haikuondolewa. Rudi kliniki kila baada ya mwezi 1 hadi miezi 3 kama nilivyosema juu, muulize daktari sukari na presha yako vinatakiwa viwe wapi, na sigara iache.

Halafu viatu vilivyoleta kidonda. Yule babu alipona baada ya miezi mitano, akapoteza kidole kimoja, na siku ya kumruhusu binti akamletea mfuko wa nguo zake za kwenda nyumbani. Ndani yake mlikuwa na viatu vilevile, vimefutwa vumbi na kupakwa rangi. Tulivitoa, tukavikata kamba ili asije akapewa mtu mwingine, na babu akaondoka na ndala za hospitali mpaka alipochorewa mguu wake kwenye boksi.